Nichukulie

Jumatatu nilikuwa naanza kazi.

Naomba hilo likae kichwani mwako kabla sijasema lingine. Baada ya kusugua kochi la nyumbani tangu nimalize chuo, baada ya barua pepe zote za "we regret to inform you", ofisi moja ya tafsiri ilinipigia Ijumaa asubuhi ikasema njoo. Nina shahada ya isimu. Ndiyo, isimu. Cheka umalize tuendelee. Mjomba wangu hadi leo huwaambia watu nilisomea sumu.

Jioni ya Ijumaa hiyohiyo, jua likiwa linajikunja, mama akanituma.

"Msindikize mdogo wako kule kilimani. Wanaonyesha watu nyota bure."

"Mama, nyota ziko hata hapo nje juu ya kamba ya nguo. Bure vilevile."

"Utaenda, au nikuandikie barua ya maombi kama hao waajiri wako?"

Nikaenda. Ulimi wangu sikuuokota barabarani, niliurithi kwake.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi. Alikuwa anasubiri majibu ya kuingia chuo cha uuguzi na hakuwa analala vizuri, kwa hiyo mama aliona heri akatazame kitu kingine badala ya simu. Alitangulia mbele yangu na sweta la mama, mikono imemezwa na mikono ya sweta.

"Kaka, wanasema ukichungulia unaweza kuona nyota yako."

"Muulize Shangazi. Yeye yangu alishaiona, akasema imefunikwa."

Shangazi alikuwa anasema hivyo kila nikikosa kazi. Nyota yako imefunikwa, mwanangu. Nilikuwa namjibu, Shangazi, kilichofunikwa ni ajira, na waliokaa juu ya kifuniko wanajulikana kwa majina. Kisha anasema tena.

Langoni kwa kituo cha nyota kulikuwa na mlinzi na tochi iliyofungwa karatasi ya nailoni nyekundu. Mwanga mweupe, alisema, unaharibu macho ya gizani. Kwa hiyo kila uso uliofika pale ulikuwa mwekundu, kama watu waliozunguka jiko la mkaa. Simu zikakusanywa kwenye kikapu. Pembeni ya kikapu palikuwa na bango.

USIWASHE TAA NYEUPE. USIGUSE DARUBINI BILA RUHUSA. USIMWOMBE MTU AKUCHUKULIE.

Nikasimama. Mtu aliyesomea isimu hapiti hivihivi mbele ya kitu kama hicho.

"Akuchukulie nini?" nikamuuliza mlinzi.

"Nini?"

"Ndilo swali langu. Nini? Hiki kitenzi kinadai kitu cha kuchukuliwa. Akuchukulie kiti? Mkoba? Mke?"

Kitinda akaanza kunivuta shati. "Kaka, please. Sio leo."

"Mimi nalinda, siandiki," akasema mlinzi.

"Basi waambie waandishi wako sentensi yao haijaisha."

Akanimulika usoni na ile tochi nyekundu, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Ina watu wake wa kuimalizia," akasema. "Piteni."

Uwanja wa ndani ulikuwa wa majani yaliyokatwa mchana. Harufu yake bado mbichi. Katikati kuna jengo la mviringo lenye kuba, na kuba lilikuwa linajizungusha na kukoroma… grrr… kisha kimya… kisha grrr tena. Mwanamume mwenye kipaza sauti alikuwa anaeleza mambo ya Zohali na pete zake. Watu walimwita Profesa. Sijui kama ni profesa kweli, siku hizi ukivaa miwani na kukohoa vizuri inatosha. Nyuma yake foleni ilikuwa imelizunguka jengo zima, imejikunja kama chatu aliyeshiba.

Foleni na mimi tulishaachana. Nilishasimama kwenye foleni za usaili hadi nikajua visogo vya watu kuliko sura zao. Kitinda akabaki. Mimi nikatembea.

Mbali, kwenye ukuta wa mwisho, kulikuwa na darubini ndogo ya miguu mitatu. Hapakuwa na mtu anayengoja.

Ila mhudumu alikuwepo.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwanamke wa rika langu hivi, na glavu ya sufi mkono mmoja tu. Nilipomkaribia, harufu ya majani ilikatika. Ikaja harufu nyingine… ya nguo zilizokaa sandukuni kwa muda mrefu mno.

"Hapa hamna foleni?" nikauliza.

"Hapa huja mmoja mmoja."

Alinong'ona. Na mimi, bila kujua kwa nini, nikaanza kunong'ona.

"Unataka kuona ipi?"

"Nionyeshe yangu," nikasema. Kwa kejeli. Nilikuwa namkumbuka Shangazi.

"Mama yako anaitwa nani?"

Nikamtajia. Jina la mama yangu nimeshalitaja kwenye madirisha mengi sana, kwa watu wengi wasionitazama. Limekuwa kama nambari ya simu. Hakuandika mahali. Aligusa darubini kwa ule mkono wenye glavu, ikasogea kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo usingizini.

"Chungulia."

Nikainama.

Giza. Halafu katikati ya giza, kinyota kimoja. Kidogo, rangi ya balbu ya zamani, ile ya manjano. Kilikuwa kinatetemeka. Nikashusha pumzi, kikatetemeka zaidi. Nikabana pumzi…

Kikatulia.

Nikapumua. Kikatetemeka.

Sitakudanganya kwamba niliogopa. Nilikipenda. Nilitaka Kitinda akione, na mama, na Shangazi zaidi, nimwambie haya, funika sasa. Lakini simu yangu ilikuwa kwenye kikapu, na yule dada alikuwa na yake mapajani, kioo kimefungwa nailoni nyekundu.

"Dada," nikamwambia, "nichukulie."

Hakusogea.

"Sema tena."

"Nichukulie."

"Mara nyingine tena. Masikio yangu mabaya."

"Nichukulie!"

Mlio wa kamera sikuusikia. Nilisikia kitu kama kifuniko kinachorudishwa juu ya chungu.

Tup.

"Tayari," akasema. Na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyepona mafua.

Nikachungulia tena. Giza tupu.

"Kimekwenda wapi?"

"Dunia inazunguka, kaka. Vitu hutoka kwenye kioo."

Ni kweli. Hata Profesa alikuwa amesema hivyo kwenye kipaza sauti. Nikampa namba yangu ya simu anitumie. Akatabasamu. "Ninayo," akasema, na mimi nikaelewa kwamba anasema picha.

Nilimkuta Kitinda ametoka kwenye kuba, amechangamka, anazisimulia pete za Zohali kama alizivaa yeye. Profesa alikuwa mlangoni anasugua miwani. Nikaona nimsifie.

"Na ile darubini ya ukutani ni nzuri. Hata haina foleni."

Akaacha kusugua.

"Ile haina kioo, kijana. Kilipasuka, tukakitoa. Tumeiegesha pale isikanyagwe."

"Mbona mhudumu wenu amenionyesha?"

Nilitegemea acheke, au akatae, au aite mlinzi. Hakufanya hata moja. Alivaa miwani akanitazama vizuri.

"Ulimwomba akufanyie nini?"

"Anichukulie picha."

"Ulisema 'picha'?"

"Ndiyo."

"Nakuuliza, neno lenyewe 'picha'. Lilitoka mdomoni mwako?"

Halikutoka.

"Mimi ni mtu wa fizikia," akasema Profesa, akiangalia pembeni. "Hayo mengine siyaamini. Bango niliandika mimi, kwa sababu walishatokea wawili watatu wakaja kulalamika. Nenda nyumbani."

Kwa ambaye hakusoma takataka nilizosoma mimi: kuna kitu kinaitwa kauli ya kutendea. Nipikie, ninunulie, nishikie. Mtu anafanya jambo kwa ajili yako. Lakini kauli hiyohiyo ina uso wa pili. Amenilia chakula changu. Amenivunjia kikombe. Amenifia. Hapo hakuna aliyekusaidia. Herufi hazibadiliki hata moja. "Nichukulie" ni nisaidie kuchukua, na ni ninyang'anye, na kinachotenganisha maana mbili ni lile jina unalolitaja mwishoni. Usipolitaja, msikilizaji anajichagulia.

Mtihani wa mada hiyo niliongoza darasa. Congratulations to me.

Ganzi ilianzia kwenye ulimi. Jumamosi mchana niliweka kijiko mdomoni nikauliza kama chumvi imeisha. Mama akaonja. "Chumvi ipo, tena imezidi." Jumapili ikashuka kifuani. Shangazi alikuja kunipongeza kwa kazi, akanikumbatia, na ilikuwa kama kukumbatiwa na mlango. Alirudi nyuma akanishika mashavu, akanitazama muda mrefu. Safari hii hakusema imefunikwa. Alichukua mkoba wake akaenda.

Jumatatu nilivaa shati lililopigwa pasi na mama usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Naanza kazi leo," nikamwambia dada wa mapokezi, na nikajitambulisha.

Akatazama karatasi zake, akanitazama, akacheka kidogo kwa adabu. "Huyo ameshafika."

"Huyo ni mimi."

"Kaka, ameshafika. Nimemkabidhi kiti mwenyewe. Yule pale."

Nyuma ya ukuta wa kioo kulikuwa na meza mpya, na juu yake kompyuta, na mbele ya kompyuta yule dada wa darubini. Jina langu ni la kiume, na hakuna aliyeona ajabu. Lilikuwa limeshabandikwa kwenye meza yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa wazi, anachapa kwa kasi, na watu waliokuwa wakipita walikuwa wanamgusa bega wakicheka naye, kama watu wanavyomfanyia mtu wanayempenda bila sababu.

Akaniona. Akainuka kama anayekwenda kuchota maji, akatokea mlangoni na glasi.

"Nirudishie," nikamwambia.

"Nikirudisha nabaki na nini?"

"Kilikuwa changu."

"Najua." Wala hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vizuri baada ya muda mrefu. "Na mimi nilimwambia mtu hivyohivyo, kaka. Neno hilohilo. Alisikia kabisa sijamaliza, na hakunisahihisha." Akanywa maji. Akafumba macho kidogo akiyameza, kana kwamba yana ladha. "Kigoda kiko wazi," akasema.

Akarudi kwenye meza yangu.

Unanijua sasa. Unajua mtu kama mimi alipaswa kuangusha ile ofisi. Nilishawahi kugombana na karani wa dirishani hadi wakaita meneja, kwa herufi moja iliyokosewa kwenye jina. Pale nilisimama nikingoja hasira ije. Niliingoja kama unavyongoja kupiga chafya. Haikuja. Nikamwambia dada wa mapokezi "sorry", nikatoka.

Nyumbani nilisema nafasi imejazwa. Hawakushangaa. Na wewe hushangai, sivyo? Utasema ni kujuana, ni network, yule dada ana mjomba wake mahali. Sawa. Mimi mwenyewe kuna siku nasema hivyo, na inaingia akilini vizuri tu.

Wiki zikapita. Nilikuwa nakula kwa sababu sahani imewekwa. Kitinda alileta vichekesho, nikawa nacheka pale alipoacha nafasi ya kucheka. Siku moja nilijichoma na pasi na nikagundua kwa harufu.

Kisha majibu yake yakatoka. Amechaguliwa uuguzi. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta akidhani kuna mgonjwa. Kitinda alinirukia shingoni, nami nikampigapiga mgongo nikisema hongera, hongera, kama mtu anayesoma matangazo.

"Kesho kituo cha nyota kinafungua tena," akasema. "Kaka, twende. Safari hii nataka kuona yangu."

"Hapana."

"Msindikize mdogo wako," akasema mama kutoka jikoni.

Langoni ni mlinzi yuleyule, na tochi yake nyekundu. Alichukua simu ya Kitinda akaitia kikapuni. Nikamnyooshea yangu. Hakuipokea.

"Wahudumu hawatoi simu," akasema.

Kitinda alikuwa ameshatangulia, hakusikia.

Sikuamua kwenda ukutani. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: miguu ilitembea kama inavyotembea kwenda chooni gizani, nyumbani kwako. Darubini ilikuwa pale. Kigoda kilikuwa pale. Juu ya kigoda, glavu moja ya sufi.

Nikaivaa. Ilikuwa na joto, kama imevuliwa sasa hivi. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichohisi tangu ile Ijumaa.

Nikakaa.

"Kaka! Kumbe umejificha huku! Kule foleni balaa." Kitinda, anahema, sweta la mama linaburuza. "Ehe, umepata kazi huku?"

"Unataka kuona ipi?" Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa inanong'ona.

"Si nimekwambia. Yangu."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama yangu?" Akaangua kicheko. "Mama *yetu*, mwehu wewe!" Na akalitaja, akiiga sauti ya walimu wanaoita majina.

Mkono wenye glavu ukasogeza darubini. Nilichungulia mimi kwanza. Kubwa, nyeupe, imetulia tuli. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Na mdomoni… chumvi.

Nilionja chumvi. Nikasikia baridi ya upepo shingoni. Nikasikia harufu ya majani. Vyote kwa mpigo, kama masikio yanavyozibuka.

Nikampisha. Akainama, akashika mdomo.

"Jamani! Jamani, kaka, ni nzuri! Nichukulie!"

Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Sikumbuki kuitoa.

"Kaka, husikii? Nichukulie, kabla haijaondoka."

Mbili. Imebaki moja.

Nilimwambia amalize sentensi. Mara ya kwanza nadhani nilisema kichwani tu, kwa sababu alikuwa bado anacheka, anavuta pumzi ya kusema tena. Nikamkamata sweta.

"Nikuchukulie nini?"

"Nini?"

"Nini, Kitinda! Malizia! Nikuchukulie nini? Nini?"

"Picha! Nichukulie *picha*! He! Umekuwaje wewe? Hata hapa sarufi?"

Chumvi ikatoweka. Upepo ukatoweka. Nikabonyeza, kamera ikalia kama kamera, na kwenye kioo cha simu kukawa na nukta nyeupe yenye ukungu, isiyo na thamani kwa mtu yeyote. Kitinda alivuta sweta lake kutoka mkononi mwangu, akalinyoosha, akaenda kwenye foleni ya Zohali bila kugeuka. Nilimtazama hadi sweta likachanganyika na watu.

Yuko chuoni sasa. Anaendelea vizuri. Hilo naomba ulikumbuke pia.

Nilikuwa bado sijainuka kwenye kigoda nilipoona viatu. Vipya, vyeusi. Juu yake koti jipya, la kijana wa rika langu, lebo ya dukani bado imeshonwa mkononi na yeye hajui inatolewa. Alikuwa na ile furaha ya kumwambia mtu yeyote.

"Bro, hapa hamna foleni?"

"Hapa huja mmoja mmoja."

"Safi sana. Foleni nilishazikoma. Jumatatu naanza kazi, hatimaye, aisee, nimehangaika mno…"

"Unataka kuona ipi?"

Akacheka. "Yangu, bwana."

Nikamuuliza mama yake anaitwa nani. Akanitajia haraka, kama nambari ya simu. Akachungulia. Nikamwona anabana pumzi. Nikamwona anaiachia.

"Duh," akanong'ona. "Bro… nichukulie."

Chumvi ikarudi. Taratibu, kutoka chini ya ulimi.

Nina shahada ya isimu. Sentensi ambayo haijaisha naijua nikiisikia.

"Sema tena," nikamwambia. "Masikio yangu mabaya."

Jumatatu nikaanza kazi.